Mwongozo kwa admini: kuzuia uchochezi kwenye kundi la mtaa bila kuziba watu midomo

Kama wewe ni admini wa kundi la ploti, la chama, la wazazi wa shule au la steji ya boda, andaa kanuni za kundi lako mapema, kabla kampeni za uchaguzi wa Agosti 2027 hazijapamba moto. Zikishapamba hutapata nafasi ya kufikiri. Meseji zitaingia usiku kucha, kila mtu ana hasira, na watu wa namna tatu watakuwa wanakutaka ufute: mwanachama aliyetukanwa, mwanasiasa aliyekosolewa, na afisa wa serikali anayetaka pawe kimya. Kuna siku mmoja wao atakuwa na haki. Kazi yako ni kumjua ni yupi.

Mimi ni mmoja wa maadmini watatu wa kundi la wakazi hapa Kaptembwa, Nakuru. Lilianza kwa mambo ya maji na taka. Sasa lina wapangaji na wenye ploti, mama mboga, watu wa boda, makanga, mapasta na ustadhi. Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana. Nina duka la M-Pesa, kwa hivyo simu haitoki mkononi mwangu tangu alfajiri, na ndiyo sababu kazi hii ikaniangukia.

Naichukulia kwa uzito kwa sababu Januari 2008 nilikuwa papa hapa. SMS za kututenganisha zilifika kabla ya moshi. Majirani walikimbilia uwanja wa maonyesho na Afraha wakiwa na magodoro kichwani. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zile za baada ya uchaguzi. Basi mtu akiniambia kwamba maneno ya simu ni maneno tu, sikubaliani naye. Na mtu akiniambia kwamba dawa ni kuzima kila sauti yenye ukali, huyo pia sikubaliani naye, na nitaeleza kwa nini.

Fahamu kwanza presha inatoka wapi

Serikali haiwezi kuingia ndani ya Facebook na kufuta chapisho kwa mkono wake. Inambana mwenye mtandao afute yeye. Ujerumani ilifanya hivyo kwa sheria iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2018: mitandao mikubwa ilipewa saa 24 kuondoa maneno ambayo uharamu wake uko wazi, na faini ingeweza kufika euro milioni 50. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2022, unataka machapisho ya ugaidi yaondolewe ndani ya saa 1 baada ya agizo kutolewa. Ufaransa ilijaribu kwenda mbali zaidi mwaka 2020, lakini Baraza lao la Katiba likaikata sheria hiyo kabla haijaanza, likisema itawafanya wenye mitandao wafute hata yale ambayo ni halali.

Hapa kwetu, mwishoni mwa Julai 2022, siku chache kabla ya kura, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) iliipa Facebook siku 7 kurekebisha mambo la sivyo isimamishwe. Shirika la Global Witness lilikuwa limewasilisha kwa Facebook matangazo ya majaribio yenye matamshi ya chuki, kwa Kiswahili na Kiingereza, kuona kama yatapitishwa. Yalipitishwa. Machache ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa makosa ya sarufi na lugha chafu; yaliporekebishwa, yakapita nayo. Ya Kiswahili hayakuhitaji hata hilo. Mawaziri Fred Matiang'i na Joe Mucheru walijitokeza kusema hakuna mtandao utakaofungwa, na haukufungwa. Januari 2025, Katibu wa Usalama wa Ndani Raymond Omollo aliitaka mitandao ifungue ofisi nchini. Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais akatia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, yanayoipa kamati ya taifa uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe ikionekana inaendeleza ugaidi au itikadi kali za kidini, miongoni mwa mambo mengine. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu ya kifungu cha 27, kinachohusu unyanyasaji mtandaoni, katika kesi ya mwimbaji Reuben Kigame na shirika la haki za binadamu la KHRC.

Kampuni ikishaogopa faini au kufungiwa, hukabidhi kazi mashine, na mashine hufuta kupita kiasi mahali pamoja na kupitwa mahali pengine. Mwaka 2017 YouTube iliondoa video nyingi za vita vya Syria, zile ambazo raia walizirekodi ziwe ushahidi, kwa kuwa mashine haikutofautisha muuaji na aliyemnasa kwenye kamera. TikTok ilisema iliondoa video zaidi ya 450,000 za Kenya kati ya Januari na Machi 2025 pekee. Nyingi huenda zilistahili kuondolewa. Lakini mashine iliyofundishwa Kiingereza ikikutana na Sheng ya Kaptembwa, au sauti ya Kikalenjin iliyorekodiwa ndani ya matatu, haielewi kitu.

Kwenye WhatsApp hata mashine hiyo haipo. Ujumbe umefungwa kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, kampuni yenyewe haiusomi. Anayeweza kusoma, kufuta na kutoa mtu ni admini. Ndiyo maana Julai 2017 Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC zilipotoa mwongozo wa jumbe za kisiasa, wasimamizi wa makundi waliguswa moja kwa moja. Presha inayoanzia ofisi za Nairobi na California huishia kwenye simu yako.

Kuliandaa kundi

Usiwe admini peke yako. Tafuta wenzako wawili wa jamii tofauti na yako na, ukiweza, wenye mwelekeo tofauti wa kisiasa. Mimi nina Mwalimu, mzee Mkipsigis aliyestaafu kazi ya ualimu, na kijana Mluo mwenye kinyozi karibu na steji. Faida ya kwanza ni lugha: ujumbe wa sauti wa Dholuo siwezi kuuhukumu kwa kuuliziauliza. Faida ya pili ni kwamba kijana wa Kikuyu akifutiwa ujumbe na Mama wa M-Pesa ambaye ni Mkikuyu mwenzake, hawezi kusema ameonewa kwa ajili ya kabila. Tumekubaliana kwamba anayefuta awe, kadiri iwezekanavyo, wa jamii moja na aliyeandika. Hilo peke yake limetuepushia magomvi mengi.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kundi. Weka kwamba wanachama wapya waidhinishwe na admini, na ufute ile linki ya mwaliko iliyozagaa kila mahali, tengeneza nyingine. Mpya akiomba kuingia muulize anaishi ploti gani. Jua pia mahali pa kufungia kundi ili maadmini pekee waweze kuandika, kwa sababu usiku wa kutangazwa matokeo utapahitaji. Wazoeshe watu alama ya mishale miwili juu ya ujumbe: maana yake umepitia mikono mingi, na tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe kama huo kutumwa kwenye zaidi ya gumzo moja kwa mara moja. Kwetu kanuni ni kwamba ujumbe wa mishale miwili unaotaja vurugu hauletwi mpaka aliyeuleta awe amempigia simu mtu aliyeko mahali palipotajwa.

Kanuni ziandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, fupi, na zibandikwe kwenye maelezo ya kundi. Zetu zinasema hivi: "Hapa tunakosoa kiongozi yeyote kwa jina lake na kwa kazi yake. Hatutukani kabila, dini wala mahali mtu alikotoka. Anayeita watu wapigwe, wafukuzwe au wachomewe, ujumbe wake unafutwa saa hiyo na unahifadhiwa. Anayefutiwa anaelezwa sababu kwa faragha. Akitaka kukata rufaa, maadmini wote watatu wanaketi." Sentensi ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Iweke juu kabisa, kwa sababu watu wakiona kanuni inayoanza kwa makatazo hufikiri umetumwa na mtu.

Kipimo cha kufuta na kuacha

Hapa ndipo maadmini wengi huyumba, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kujieleza, kisha kinataja yasiyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na utetezi wa chuki unaochochea ukabila, kuwadunisha wengine au kusababisha madhara. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, inaweka adhabu ya matamshi ya chuki kuwa faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa ugaidi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi inaweza kumfunga mtu miaka mingi zaidi kwa kuchapisha yanayouchochea. Utaona kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa kumkera kiongozi ni chuki.

Mwaka 2012 wataalamu walioitwa na Umoja wa Mataifa walikutana Rabat, Moroko, wakakubaliana mambo 6 ya kupima kabla ya kusema maneno fulani ni uchochezi wa kuadhibiwa: hali ya mahali na wakati, nani anasema, nia yake, maneno yenyewe na namna yalivyosemwa, yamefika kwa wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea. Mimi huyageuza kuwa maswali ninayoweza kujiuliza nikiwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na kitabu cha M-Pesa kwa mwingine. Anayesemwa ni mtu kwa alichofanya, au ni jamii kwa ilivyozaliwa? Anaitwa afanyiwe nini? Anayesema ana watu wa kumsikiliza? Hali ya mtaa leo ikoje?

Chukua mifano ya aina tunazozipata. "MCA amekula pesa za barabara, 2027 tumrudishe kwao akalime." Inabaki. Kumrudisha mtu shambani kwa kura ni demokrasia. "Serikali hii ni ya wauaji." Inabaki, hata kama inakuuma. Mtu aliyefiwa kwenye maandamano ya Juni 2024 ana haki ya kusema hivyo, na wewe huna haki ya kumpunguzia uchungu wake. "Watu wa jamii ile ni wezi tangu mababu zao." Hiyo inafutwa. Haijaita mtu kupigwa, lakini imewadunisha watu kwa damu yao, na maneno ya namna hiyo ndiyo hulainisha njia. "Wapangaji wa jamii ile wapewe notisi wahame kabla ya kura." Hiyo inafutwa mara moja, inahifadhiwa, na inaripotiwa. Yeyote aliyeishi Molo, Kuresoi au Njoro anajua kwamba vijikaratasi vya kuwaambia watu wahame vimetangulia damu zaidi ya mara moja katika kaunti hii. Usisubiri mwandishi akuambie alikuwa anatania.

Wakati ndio hubadilisha uzito. Ujumbe "tukutane steji saa mbili" hauna neno baya hata moja. Siku ya kawaida ni mkutano wa chama. Usiku wa matokeo, ukitoka kwa kijana aliyeshinda mchana akitaja jamii fulani, upigie simu mtu wa steji uulize kuna nini.

Maneno ya mafumbo nayo hayaishi. Aprili 2022 NCIC ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa, "madoadoa" likiwamo, miezi michache baada ya seneta mmoja kukamatwa kwa kulitamka mkutanoni Eldoret. Orodha inasaidia lakini haitoshi. Mkulima wa Njoro anayelalamika kwamba mahindi yake yana madoadoa anahitaji afisa wa kilimo. Mtu yule yule akisema ploti fulani ina madoadoa yanayofaa kuondolewa, unamjua anachosema. Mashine itawashika wote wawili au itawaachilia wote wawili. Wewe unawajua, na hiyo ndiyo nguvu yako.

Dini inataka uangalifu wa peke yake. Baada ya Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kutoka msituni Kilifi, hatuwezi kusema mahubiri ya mtandaoni hayaui. Mahubiri ya Paul Mackenzie yalikuwa yakipatikana mtandaoni kwa miaka. Lakini pasta mkali si muuaji. Mimi hutafuta amri, hasa amri kuhusu mwili na mtoto: acheni dawa, msipeleke watoto shule wala hospitali, fungeni mpaka mwisho. Klipu yenye amri kama hiyo haikai kwetu, na familia ya aliyeileta tunaitafuta tuongee nayo.

Na kwa upande wa Waislamu, nasema hili kwa moyo wangu wote: usimtaje kijana kwenye kundi eti anaelekea al-Shabaab kwa sababu amefuga ndevu au ameanza kuuliza maswali ya dini. Bondeni kuna Waislamu wa tangu Nakuru ilipokuwa kijiji cha reli. Jina likishatajwa kwenye kundi la mamia ya watu halirudi. Kuna dalili moja ya kweli ya kuangalia, nayo ni mtu asiyejulikana anayewatumia vijana linki za Telegram au ahadi za kazi nono ng'ambo na kuwaambia wasiwaeleze wazazi. Hiyo linki usiifungue kwa udadisi, usiisambaze hata kwa nia ya kuonya. Piga picha ya skrini, futa, kisha mwone mzazi uso kwa uso, na umwombe ustadhi mnayemwamini aandamane nawe.

Ujumbe mbaya ukishaingia

Hifadhi kwanza, futa baadaye. Wengi hufuta kwa hasira, na ushahidi unapotea nao. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la kundi, nambari ya mtumaji, tarehe na saa. Ukigusa jina la mtumaji utaona nambari kamili. Ipige picha pia. Sauti na video zihifadhi kama faili. Kama ni Facebook, X au TikTok, nakili linki ya chapisho lenyewe, maana picha peke yake mtu anaweza kudai imetengenezwa. Andika kwenye daftari nani aliona, saa ngapi, mkafanya nini. Kesi ikifika kortini, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha ushahidi wa kielektroniki: simu gani ilitumika, picha ilipatikanaje, nani aliishughulikia, na sahihi. Daftari lako ndilo litakalokusaidia kukijaza.

Ripoti ndani ya programu kabla ya kufuta. Bonyeza ujumbe ukae, fungua menyu, chagua kuripoti. WhatsApp hupokea jumbe 5 za mwisho za mtu huyo kwenye gumzo, ndiyo njia pekee wanayoziona. Ndipo umfutie kila mtu. Admini ana uwezo huo.

Halafu mpigie simu aliyeandika. Usimwaibishe mbele ya wote. Mwalimu ana maneno yake ambayo nimeyachukua: "Kijana wangu, ujumbe wako nimeutoa. Najua umekasirika. Niambie kilichokukasirisha, tukiandike upya ukiwa umemtaja aliyekosa." Mara nyingi nyuma ya tusi la kabila kuna deni, mwenye nyumba aliyeongeza kodi, au basari iliyokosekana. Lile lalamiko likirudi kundini bila kabila, linapata watu wa kulisaidia. Akikataa, au akirudia, anatolewa, na sababu inaandikwa kundini kwa sentensi moja bila kumtukana.

Kama kuna tishio la leo au kesho, mambo ya mazungumzo yanangoja. Piga 999 au 112, umjulishe mzee wa Nyumba Kumi, na uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kituoni. Laini ya bure ya idara ya upelelezi (DCI) ni 0800 722 203. Matamshi ya chuki yasiyo na hatari ya papo hapo peleka kwa NCIC. Nambari ya OB iandikwe kwenye lile daftari.

Chapisho halali likifutwa na mtandao

Hii hutokea kwa watu wanaorekodi polisi, kwa watu wanaonukuu matusi ili kuyalaani, na kwa wanaoandika kwa lugha za nyumbani. Usianze kwa kufungua akaunti nyingine ukabandika upya. Unaweza kupoteza zote. Ingia kwenye ile taarifa uliyopewa, bonyeza sehemu ya kuomba ukaguzi upya, na pakiwa na nafasi ya maelezo, andika kwa ufupi: ni nini kinachoonekana, kilitokea wapi, lugha gani, na kwa nini ulikiweka. Kwa Facebook na Instagram, ukikataliwa tena unaweza kupeleka lalamiko kwa Bodi ya Uangalizi ya Meta ndani ya siku 15 baada ya uamuzi wa mwisho. Huchukua kesi chache tu kati ya zinazopelekwa. Video asili ibaki kwenye simu na kwenye kadi nyingine. Kama ni ya mauaji au kipigo cha polisi, nakala ipelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, au kwa shirika la haki unaloliamini kabla haijapandishwa popote.

Afisa akikutaka ufute

Yapo maombi ya haki. Aliyekuja na ujumbe wa kuwafukuza watu ploti fulani anakusaidia, mshukuru na ufute. Lakini afisa mmoja wa utawala aliwahi kunipigia akitaka tuondoe malalamiko ya wazazi kuhusu basari. "Mama, hiyo posti iondoe, inachochea." Nikamjibu, "Mzee, kwa heshima, nisomee neno linalomwita mtu apigwe au ahame, nami nitaliondoa ukiwa bado kwenye simu." Hakulisoma, kwa kuwa halikuwepo. Malalamiko yalibaki. Jibu hilo lijifunze kwa moyo. Lina adabu, linataja kipimo, na linamrudishia mzigo aliyeuleta. Akiendelea, mwombe aandike barua itakayotaja sheria na kifungu. Wajulishe maadmini wenzako papo hapo ili usibaki peke yako.

Simu yako na orodha ya wanachama ni jambo jingine. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandaoni inataka polisi wawe na kibali au agizo la korti kwa upekuzi wa data na kwa kumtaka mtu aitoe. Kuwa mpole, usipigane, usifute chochote wakati huo, na useme waziwazi kwamba unaomba kuliona agizo. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Juni 2025 Albert Ojwang alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi, na siku iliyofuata alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema alijigonga; daktari wa upasuaji wa maiti akasema majeraha hayalingani na maelezo hayo. Siwezi kuandika mwongozo wa kufuta maneno bila kulitaja jina lake. Kwa hivyo familia yako ijue jina la wakili na jina la kituo kilicho karibu, na wenzako wajue la kufanya usipopokea simu.

Mahakama nazo zimewahi kutusikiliza, tena hapa hapa mjini. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Nakuru ilikitangaza kifungu cha 77 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kosa la kuipindua serikali kwa maneno, kuwa kinyume cha Katiba. Kesi hiyo ilitokana na mtu aliyeandika mtandaoni. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu kadhaa vya sheria za usalama za 2014, kikiwamo kilichotaka vyombo vya habari viombe ruhusa ya polisi kabla ya kutangaza habari za ugaidi. Hivyo usidhani kila linaloitwa sheria limeshinda.

Mtandao ukizimwa

Novemba 2023 na tena Novemba 2024 Telegram ilikwama nchini wakati wa mtihani wa KCSE. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora Kenya nzima, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima. Mwaka 2008 serikali ilifikiria kuzima SMS; Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom wakati huo, alisimulia jinsi walivyopendekeza badala yake kutuma jumbe za amani kwa wateja. Ule uamuzi ulikuwa mzuri. Giza la habari huzaa uvumi, na uvumi hautaki intaneti kusafiri.

Kwa hivyo jiandae kwa njia isiyo na bando. Gawa mtaa kwa ploti, kila ploti iwe na mtu mmoja wa kupigiwa simu ya kawaida na mwingine wa kushika nafasi yake. Mimi nawapigia watano, kila mmoja wao anawapigia watano wake. Swali ni lile lile kwa kila simu: umeona mwenyewe, au umeambiwa? Aliyeambiwa anatafuta aliyeona kabla ya kupeleka mbele. Kubalianeni pia ni duka gani litakaa na taarifa ya kuaminika ukutani, iliyoandikwa kwa mkono na kuwekwa saa. Orodha ya nambari iandike kwenye karatasi kwa wino, nakala moja kwa kila admini, na uipitie kila mwisho wa mwezi, maana wapangaji huhama na watu hubadilisha laini.